Nguo Kumi na Ine ya Bakwe

Niseme mbele ya yote: nilikuwa na wivu. Bantu benye kuandika juu ya maisha yabo banapendaka kusema kama macho yabo ilifunguka sababu ya maombi, ao sababu ya shauri ya mukubwa fulani. Yangu ilifunguka na wivu. Wivu njo ilinifundisha kusema hapana, na mupaka leo sijapata mwalimu mwingine mwenye kufundisha mbio vile.

Nianze na dirisha, sababu yote ilianzia pale.

Atelier yetu ya kushona iko Naviundu, nyuma ya magasin ya bitenge. Mama patronne alitokaka Nord-Kivu, bwana yake iko na malori yenye inapelekaka bintu mupaka Sakania. Ni bantu ya kanisa. Asubuhi, kama hatuyasali, hakuna masini yenye kutembea. Kisha sala, patronne anarudiliaka neno yake moya: client habamuambiake hapana. Mama analeta kitenge, unapokea. Analeta leo na anataka kuvaa kesho, unapokea. Ingine tutaona mbele.

Tuko benye kushona bane. Miye nilifika pale kisha tu kupata diplome yangu, sasa ni mwaka ya tatu. Courant ya umeme inakatikaka vile inapenda, njo maana tunashona na masini ya miguu, na kintu yenye tunapiganiaka si courant, ni mwangaza. Dirisha iko moya tu, na masini ya ku dirisha ilikuwa yangu. Nilikuwa napitisha uzi mweusi mu kitambaa nyeusi bila kukunja macho. Nilikuwa naona njia, naona mama wa beignets, naona client mbele hayaingia, na najua kama iko na kasirani ao hapana.

Siku moya patronne akaleta mudada mupya. Alitokea Sakania, alijifunza kushona kulekule kwa shangazi yake, ananipita miaka kama ine. Patronne akaniuliza, mbele ya bote, kama naweza kumuachia dirisha juma mbili, mupaka atazoea. Nikajibu ile neno yenye nilikuwa najibu bantu yote:

«Haina shida.»

Juma mbili ikakuwa miezi munane. Miye nikaikala mu kona, pembeni ya meza ya kupasia nguo, kwenye kuko moto ya fer ya makala na giza. Hakuna mwenye aliniuliza kama sasa ninaweza kurudia. Na miye sikuuliza. Nilikuwa naangalia tu mugongo yake, na ile jua yangu inamuangukia ku mabega.

Kama alikuwa anashona mubaya, wivu ingenipunguka. Anashona muzuri. Lakini si ile njo ilinichoma. Ilinichoma vile alikuwa anakatala. Ku ukuta, pembeni ya dirisha, alichora na craie mistari saba. Kila nguo yenye anapokea, anakata mustari moya. Saba ikiisha, juma yake imeisha. Mama moya mukubwa anaingia na parfum yake na kitenge ya bei, anataka nguo ya ndoa ya siku ya posho, samedi ileile, na huyu anamuangalia bila kusimamisha miguu ku masini: «Hapana mama. Juma hii ilijaa. Kuya juma ingine.» Bila kukunja uso, bila kujieleza. Kama muntu mwenye banamuuliza saa.

Mara ya kwanza nilifurahi mu roho. Nikajua patronne atamufukuza mbele ya saa sita. Ule mama akatoka ananunguna, patronne hakumufukuza muntu, na juma yenye ilifuata ule mama akarudia, akaikala ku kiti, akangoja zamu yake kama mutoto wa masomo. Na tangu pale, kila mara anaingia, ananiruka miye mwenye nilimuitikia miaka mbili, anaenda kusalimia ule wa dirisha. Miye balikuwa bananiletea suruali ya kupunguza, fermeture, ile zipu, ya kubadirisha, bouton yenye ilianguka. Bintu ya muntu mwenye hana kazi.

Sasa fiancé wangu, mwenye atanioa. Ni chauffeur ya lori moya ya bwana ya patronne. Tulijuana palepale mu magasin, wakati alikuwa anangoja bapakie mizigo. Ni muntu muzuri, sitaki mufikiri ingine. Lakini ni mutoto wa mwisho, yaya yake, dada yake mukubwa, njo alimukomalisha, na kintu yenye yaya anasema, kwake ni sheria. Miye naitikia yeye, yeye anaitikia yaya, na vile yaya alikuwa anatutuma bote babili na kinywa moya.

Balipanga siku ya mali, ile yenye bengine banaita mahari. Itakuwa siku ya posho, kwetu Kasungami, kwenye baba na mama banalimaka. Ile siku banamuke ya upande ya mwanaume banavaaka kitenge ya namna moya, bote, banaingia na kuimba. Basi mulamu yangu, ule yaya, akakuya ku atelier na bipande kumi na moya ya kitenge mu mufuko mukubwa. «Bibi yetu,» akaniambia, sababu mulamu njo vile anaitaka bibi ya kaka yake, ata mbele ya ndoa, «weye njo fundi wetu sasa. Tutapelekea nani ingine?»

Nikajibu haina shida.

Sikuona mubaya. Nikapelekea ata kambo yangu habari, mama ya baba, nikizania atafurahi kuona vile bakwe bananipenda. Alikuwa anachambua majani ya sombe. Akaacha, akaniangalia kama muntu mwenye alivaa kiatu ku kichwa.

«Unashonea bantu benye banakuya kukuomba?»

Nikamuambia ni uniforme tu.

«Bo njo banapashwa kutoka jasho juu yako. Mali haiyafika, weye ulisha kuanza kutumika.» Kisha akacheka, na kambo akicheka unajua neno ingine iko njiani. «Wakati yetu mwanamuke alikuwa anajificha mu nyumba, bakwe habamuone ata kidole. Weye unabapima matako na mètre.»

Mama akacheka na yeye, nikakasirika. Kambo akauliza nguo yangu nani anashona. Nikasema nitashona kisha. Kitenge yangu ilikuwa mu sachet chini ya masini, bluu nyeusi na maua ya manjano. Mama alininunulia ile siku aliuzisha mihogo, alipita ku soko mbele ya kurudia ku nyumba ili asibadirishe mawazo.

Sasa nitapita mbio, sababu ile juma haikuwa na kitu ya muzuri. Kila mwanamuke wa kwabo alitaka libaya yake namna yake: huyu mikono mifupi, huyu shingo wazi, huyu kitumbo iwe na nafasi. Patronne aliniachia nishone mu saa ya kazi, ila bile bya client inaningojea pembeni. Siku ya kazi ine, jeudi, nilikuwa nilimaliza tisa. Ilibakia mbili. Yangu sikuikata bado.

Asubuhi ya ile kazi ine, mulamu akaingia tena na mufuko. Bipande tatu. Alisema bale ba cousine ba Sakania balisha kukubali kukuya, banafika kesho, na haiwezekani baingie kwetu benyewe bamevaa ingine kama bapita-njia. «Tatu tu, bibi yetu. Mikono yako iko mwepesi.»

Haina shida, nikasema. Kinywa yangu ilisema mbele kichwa haiyafika. Akanibusu ku shavu, akaenda. Nikaikala na hesabu yangu: mbili, na tatu, na yangu. Siku mbili.

Nikaenda ku dirisha. Ilinikaza kufika pale, miezi munane sikumuomba ule muntu ata uzi. Nikamuita yaya, kwa heshima. Nikamuomba anisaidie ile tatu, nitamurudishia juma yenye inakuya.

«Hapana. Juma yangu ilijaa.»

Akanionyesha ku ukuta: ilikuwa kweli, mistari saba yote ilikatwa. Nikamuambia tena, ni mali yangu, ni siku ya posho, nguo yangu haiyakatwa. Pale njo akasimamisha masini.

«Mudogo yangu, ulisema ndiyo na kinywa yako. Sasa unataka kushona na mikono yangu?»

Bale bengine babili bakacheka. Nikarudia mu kona yangu na uso yenye ilikuwa moto kupita fer.

Saa ya nyuma ya midi fiancé akafika, lori yake ilirudia kutoka Sakania. Akaona ile mulima ya bitenge mbele yangu. Nilifikiri atasema achana nayo, nitaongea na yaya. Akauliza: utamaliza? Na miye, na macho yenye kuwasha, nikamujibu haina shida. Basi akafikiri atanisaidia. Akaenda ku dirisha na kicheko yake ya chauffeur, ile yenye anachekeaka bantu ya barrière ku njia, akaegemea, akamuomba ule mudada ashone tatu juu ya urafiki.

«Hapana kaka. Na toka ku dirisha, unaniziba mwangaza.»

Alitoka pale kama muntu mwenye alikanyaga makala. Akasema pardon. Akasema tena pardon. Kisha akatoka inje, nikafikiri anaenda ku lori. Akarudia na sucré ya orange, baridi, chupa inatoka maji mbavu yote. Akaiweka ku dirisha na mikono mbili. «Yaya, unisamehe, nilikusumbua mu kazi.»

Mudada akamushukuru, akakunywa nusu, akaendelea kushona.

Nilikuwa nilishonea famille yake nguo tisa. Ata maji hakuniletea. Miaka mbili tulikuwa pamoja, na sikumbuke siku yenye aliniambia pardon. Na kweli, angeniambia pardon ya nini? Muntu anaomba musamaha kwa mwenye alikatala. Mwenye aliitika hakuna mwenye kumukosea. Niliangalia ile chupa ku dirisha yangu, maji inashuka, inafanya alama mu mavumbi. Nilikuwa na wivu ya mwanamuke, sawa, ile bantu banajua. Lakini nilikuwa na wivu ya chupa.

Akanikaribia, akasema na sauti ya chini: «Ule mudada iko mukali, eh? Lakini muntu anajua kazi yake.» Na akacheka kicheko ya heshima.

Njo ile kicheko. Kama hakucheka, ningeshona zote kumi na ine.

Nikasimama. Nikakamata bile bipande tatu, nikairudisha mu mufuko ya yaya yake, nikamupa.

«Pelekea yaya yako. Siwezi.»

Alifikiri ni muchezo. «Chérie, ni tatu tu.»

«Mbili yenye inabakia nitamaliza leo. Hii tatu, hapana.»

«Sasa nitamuambia nini?»

«Muambie hapana. Ni neno moya.»

Nilitaka itoke vile ilitokaka mu kinywa ya ule mwingine, polepole, kama kusema saa. Ilitoka kama sauti ya mbuzi. Masini yote ikasimama, patronne akainua kichwa mu magasin.  Fiancé hakusema pardon. Akakamata mufuko, akatoka bila kuaga, nikasikia mulango ya lori inafungwa na nguvu.

Neno ilikuwa ileile. Ule wa dirisha ilimuletea sucré, miye ilinipa mugongo. Ile siku nilimuchukia ule mudada kupita siku zote, na yeye hakunifanyia kintu.

Kesho yake, kazi tano, téléphone ya fiancé haikuingia. Niliita mara tatu, mara ya ine nikapata haya. Patronne aliniita. Alisikia yote, na mulamu ni muntu mwenye kununuaka bitenge kwake. Akaniambia client habamuambiake hapana. Nikamuambia: mama, ule si client, ni mukwe. Akafikiri. Kwabo na kwetu desturi haiachane sana. Akasema kweli, mukwe ni mambo ingine. Kisha akaniletea suruali moya ya haraka, ya kupunguza mbele ya saa tisa. Nikamuambia itakuwa juma yenye inakuya. Akaniangalia, akaipelekea mwenzangu mwingine. Basi, ikaisha pale. Miaka mbili na nusu nilikuwa naogopa ile dakika moya.

Nikakata nguo yangu. Lakini kitambaa ni bluu nyeusi, uzi ni bluu nyeusi, na kona yangu ni giza. Nikashona shingo, nikaifumua, nikashona, nikaifumua. Saa sita ule mudada akasimama, akajinyoosha, akasema bila kuangalia muntu:

«Naenda kula. Masini iko wazi mupaka nirudie.»

Hakusema iko wazi kwa nani. Akaenda, akakula maharagi yenye haiishake. Kwa kawaida anamaliza kwa dakika kumi, ile siku ilipita saa moya. Nikaikala ku dirisha yangu. Nikashona shingo, mikono, nikapandisha fermeture. Masini yake inatembea kama muntu anateleza, aliitiaka mafuta kila juma. Nikapata wivu ya masini na yo.

Wakati alirudia, nikamushukuru, na sababu nilikuwa na moyo ya moto nikaomba yote: kama naweza kurudia ku dirisha yangu, sababu ilikuwa ya juma mbili tu.

«Hapana,» akasema. «Dirisha uliitoa weye mwenyewe. Leo nilikuazima.»

Nikasimama, akaikala.

Siku ya posho tulikuwa tulipatana saa ine. Nilikuwa mu chumba ya mama, nimefichwa vile desturi inataka, nguo yangu ku mwili, mukono moya ilipanda kidogo kupita mwingine. Saa ine ikapita. Saa tano ikapita. Inje mama alikuwa anafunika nyungu na kufunua. Baba mudogo akaingia mara mbili kuniuliza kama tuligombana. Mara ya kwanza nikasema hapana. Mara ya pili nikavuta tu mukono ya nguo ishuke. Nilifikiri juu ya bale bantu ba jirani benye bananiona kila siku ku njia, na vile nitapita mbele yabo kazi moya asubuhi. Nilifikiri kama bipande tatu ya kitenge inaweza kuwa bei ya bwana. Nikafikiri ningeshona tu. Nikafikiri hapana. Nikafikiri ningeshona tu.

Saa sita na kitu, nikasikia banaimba.

Nikainua rideau ya mulango kidogo. Uniforme kumi na moya, yote yangu, na zilikuwa zinabakaa muzuri ku mwili, ile siwezi kuficha. Bale babili ba Sakania balivaa nguo yabo. Wa tatu alivaa uniforme ya mulamu: mulamu alimuvulia yake. Yeye mwenyewe alivaa robe ya kijani ya kanisa, uso ya juu, kama mwenye hakuna kintu. Na fiancé nyuma yabo, na viatu mupya. Bale ba atelier balikuya na bo, na ule mudada wa dirisha katikati yabo. Nikaona fiancé anamusalimia na mikono mbili. Nikaachilia rideau.

Baliongea murefu, vile banaongeaka. Kisha bakaniita. Nikatoka, nikasimama katikati, macho chini. Baba mudogo akaniuliza ile ulizo yenye banaulizaka kila binti: «Hawa bantu unabajua? Mali yabo tukule, ao tuirudishe?»

Mbele nifungule kinywa, mulamu akasema ku kiti yake: «Mumuulize muzuri, baba. Huyu anajua kusema hapana kupita fundi yote ya Naviundu.»

Upande yabo ikacheka, kicheko ya nusu. Kambo yangu, mwenye tulifikiri alilala, akajibu: «Mushukuru Mungu. Mwenye kuitikia kila muntu, ata mwizi atamufungulia mulango.»

Sasa ikacheka pande yote mbili. Mulamu na yeye alicheka, mukono ku kinywa.

Nikainua macho. Fiancé alikuwa anaangalia viatu yake. Nikangoja kupita vile desturi inaomba. Sikutaka kumuazibu. Nilitaka kujua kama ile neno ingine iko bado mu kinywa yangu, kama naweza kuitoa. Ilikuwa pale. Mama akakohoa.

«Mukule,» nikasema.

Kisha chakula, bukari na mbuzi, bantu bakasambala mu kiwanja. Nilikuwa nyuma ya jikoni wakati alikuya kunitafuta. Alibeba sucré ya orange na mikono mbili.

«Ile siku ya atelier,» akasema, anaangalia chupa. «Pardon.»

Nikapokea. Ilikuwa namna ileile ya dirisha, orange ileile. Lakini casiers ya chupa zilishinda ku jua tangu asubuhi, na chupa ilikuwa moto mu mikono kama chai. Ya ule mudada ilikuwa inatoka maji. Haina shida ilikuwa ilisha kufika ku ulimi, imevaa, iko tayari kutoka.

«Hii iko moto,» nikamuambia.

Akacheka. Akaniangalia, akaona miye sicheke. Kwetu Kasungami, kupata glace, barafu, inaomba kutembea mupaka ku njia mukubwa. Akakamata chupa, akapita katikati ya bantu, akapita mbele ya yaya yake mwenye alimuuliza anaenda wapi, na akashuka na kanjia ya mashamba, viatu mupya mu mavumbi.

Nikatafuta kiti, nikaikala, nikangoja.